Visu Vitatu kwa Kila Kiazi

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, hakuna kitu kilichonichosha duniani kama kiazi. Sisemi kiazi cha kuchemsha au cha kukaanga. Hicho sijawahi kugombana nacho. Nasema viazi vya ng'ombe, vile vidogo vyenye makovu ya jembe, ambavyo hakuna anayevitaka mezani. Kila baada ya mavuno Baba aliviokota shambani akavirundika kwenye kona ya banda, na kila asubuhi ya likizo mimi nilikalishwa mbele ya rundo hilo na kisu, ubao na ndoo mbili. Rundo lilikuwa halipungui. Naapa kuna siku niliona limeongezeka.

Siku zetu zote zilianza namna moja. Kulipopambazuka, Bibi alikuwa tayari amekamua ng'ombe watatu. Mama alimpakia punda madebe ya maziwa akateremka naye hadi kituo cha kukusanyia maziwa, mwendo wa saa nzima kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa sababu kwetu huko mlimani njia ilijua mambo mawili tu, kupanda na kushuka. Baba alisukuma samadi, kisha akapanda juu ya paa la banda kupigilia mabati ambayo upepo uliyang'oa kila wiki. Kila wiki Baba alisema, "Safari hii hayang'oki tena," na kila wiki yaling'oka.

Halafu kulikuwa na mdogo wangu wa kike, mwenye miaka sita, ambaye nyumba nzima ilimwita Redio. Jina lilimkaa. Neno lolote lililosemwa mbele yake alilibeba kama lilivyo na kulitangaza mahali pengine, bila kupunguza wala kuongeza, hata kikohozi cha msemaji alikiweka mahali pake. Ukimlalamikia Baba jikoni, Baba angeyapata malalamiko yako juu ya paa kabla hujamaliza kunywa chai. Mtoto huyo alinikera kupita kiasi.

Mimi waliniita Wakili. Walidai sikubali kosa bila kesi.

Ng'ombe wetu wa nne, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, aliitwa Shangazi. Baba ndiye aliyempa jina hilo, akisema ana mwendo wa dada yake: haharakishwi na mtu. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, ingawa aliyetajwa ni binti yake wa kumzaa. Shangazi mwenyewe, yule wa miguu miwili, aliposikia hakutukanyagia nyumba mwaka mzima. Miezi ile ng'ombe Shangazi hakukamuliwa. Alikuwa amekaushwa maziwa kwa sababu alibakisha wiki chache azae, na ndama aliyekuwa tumboni mwake alikuwa wangu.

Yaani, alikuwa karibu kuwa wangu. Siku ya kwanza ya likizo Bibi alinikalisha mbele ya rundo la viazi akasema, "Mjukuu wangu, ukikata viazi hivi hadi shule ifunguliwe, bila mimi kurudia kazi yako hata mara moja, ndama atakayezaliwa ni wako. Utampa jina, utamlea, na akikua hakuna atakayemwondoa hapa bila ruhusa yako."

Nilikuwa nimemtamani ndama wangu mwenyewe tangu nikiwa na umri wa Redio. Nilishamchagulia jina. Usiku nilimwota akinifuata kila mahali kwenye malisho. Nilikubali upesi, kabla sijauliza masharti, kosa ambalo wakili wa kweli hawezi kulifanya.

Masharti yalikuwa haya: kila kiazi, visu vitatu. Unakipasua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha unakitupia ndooni. Kiwe kikubwa, kiwe kidogo, visu vitatu.

"Bibi, kwa nini vitatu?" nilimuuliza.

"Kwa sababu nimesema."

"Sawa, vikubwa naelewa. Lakini hivi vidogo? Tazama hiki, hakizidi yai. Ng'ombe ana mdomo unaomeza nusu ya kichaka, atashindwa na hiki?"

"Wakili."

"Nauliza tu, Bibi. Kama kukata ni kufanya vipande viwe vidogo, na hiki tayari ni kidogo, basi..."

"Wakili! Kata."

Hayo ndiyo yalikuwa majibu ya Bibi. Alijua kila kitu kuhusu ng'ombe na hakuwa na subira ya kumweleza mtu hata kimoja. Nilikata kwa siku kumi na moja. Vidole vilikauka vikapasuka. Niliviona viazi hata nilipofumba macho.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, viazi vilikuwa vimelowa na baridi yake ilipenya hadi kwenye mifupa ya vidole. Rafiki zangu wawili wa nyumba za chini walikuwa wamepita jana yake wakaniambia kwamba ukungu ukiinuka tu wanaanza mchezo wa mpira kwenye kiwanja kilicho nyuma ya shule. Hicho ndicho kiwanja pekee mlimani ambacho mpira haukimbii wenyewe kuteremka bondeni.

"Ukichelewa hatukusubiri," mmoja wao aliniambia. "Kila siku viazi, viazi. Umeolewa na viazi?"

Maneno hayo yalinichoma. Nikawa nakata na kutazama nje, nakata na kutazama nje. Ukungu ukaanza kupasuka, na ndoo ya pili ilikuwa bado haijafika nusu. Hapo nikafanya kesi kichwani mwangu. Wakili nilikuwa mimi, hakimu nilikuwa mimi, na upande wa pili haukuitwa. Hukumu ikatoka haraka: viazi vikubwa vikatwe, vidogo viende kama vilivyo. Nikavizoa vile vidogo kwa mikono miwili nikavimwaga ndooni. Juu yake nikatandaza vipande vilivyokatwa vizuri, ndoo ikaonekana safi kabisa.

"Dada, hivyo vya chini hujavikata."

Redio alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa buti la Baba mguu mmoja.

"Hivyo ni vidogo," nikamwambia.

"Bibi alisema, 'Kiwe kikubwa, kiwe kidogo, visu vitatu.'" Alilisema kwa sauti ya Bibi hasa.

Nikamwinamia. "Sikiliza wewe. Ukilisema hili kwa mtu yeyote, sikupeleki kiwanjani leo, sikupeleki kesho, na sikupeleki mpaka uote mvi. Umesikia?"

Redio akafunika mdomo wake kwa mikono yote miwili na kuitikia kwa kichwa. Buti likamvuka, akalifuata kwa mguu mtupu, mikono bado mdomoni.

Bibi alikuja, akachungulia ndoo, akachukua kipande cha juu, akakigeuza. "Vizuri," akasema. Bibi hakuwa mtu wa kusema vizuri. Ningefurahi kama ndoo ile ingekuwa ya kweli.

Akaimwaga ndoo kwenye hori la Shangazi. Hori lilikuwa na lusina tayari, yale majani ya kijani kibichi ambayo ng'ombe wanayagombea. Baba alikuwa ameikata lusina hiyo alfajiri ikiwa na umande, na Bibi alikuwa amemnung'unikia asubuhi nzima. "Lusina mbichi namna hii si ya kulisha, inajaza gesi tumboni. Nimekwambia uianike kwanza. Nimekwambia mwaka jana, nimekwambia mwaka juzi." Baba alikuwa amejibu kutoka juu ya paa kwamba amesikia. Nilitoka zangu kwenda kutafuta viatu.

Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu cha pili niliposikia Shangazi akikohoa. Si kikohozi cha kawaida. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kukwaruza, kisha kimya, kisha kingine. Bibi akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Teremka! Wewe mwanangu, teremka upesi! Ng'ombe anakufa!"

Nilipofika bandani, Shangazi alikuwa amenyoosha shingo mbele, macho yamemtoka, mate yanamwagika mdomoni kama bomba lililopasuka. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa unavimba tunatazama. Bibi aliugonga kwa vidole, ukalia kama ngoma. Baba alifika akiwa bado ameshika nyundo.

"Lusina," Bibi akasema. "Nilisema. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mama," Baba akajibu. Uso wake ulikuwa umepauka. "Nampigia daktari wa mifugo."

Sasa, kupiga simu kwetu ilikuwa kazi ya mtu mwenye miguu. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililokuwa mwisho wa malisho ya juu, na hata hapo ilikubidi uelekeze uso bondeni na usigeuke. Ukigeuka, simu ilikatika. Upepo nao ulikuwa mkali kiasi kwamba mtu akipiga kelele jiweni, bandani hupati hata neno. Baba akapanda mbio, na Redio akatumwa amfuate ili awe analeta maneno. Kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilimhitaji Redio kwa ile kazi yake.

Punde akarudi anahema, mashavu yamewiva. "Daktari anasema, 'Nipo shamba moja kule bondeni, nakuja, lakini pikipiki itachukua dakika arobaini. Amekula nini?'"

"Lusina yenye umande na viazi," Bibi akajibu.

Redio akaruka, akapanda, akarudi. "Daktari anasema, 'Viazi vilikatwa? Hilo ni muhimu sana. Vilikatwa vyote?'"

Bibi alikuwa anausugua ubavu wa Shangazi kwa mikono yote miwili. Hakuinua kichwa. "Wakili, mjibu. Vilikatwa?"

Nataka kuwaambia kwamba nilifikiri sana. Sikufikiri hata kidogo. Nilimwona ndama wangu akiondoka, ndama ambaye hata hajazaliwa, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Vilikatwa vyote."

Redio hakuondoka. Alisimama pale akanitazama, kisha akatazama hori, kisha akanitazama tena. Alikuwa hajui kubeba neno ambalo si la kweli, hajawahi. Niliona midomo yake ikicheza.

"Nenda!" nikamfokea. "Unasubiri nini?"

Akaondoka. Safari hii hakuruka. Alipanda huku akijifuta macho kwa mkono wa sweta, naye akaenda kusema alichotumwa. Kama kuna jambo la siku ile linalonifedhehesha hadi leo, ni mgongo ule mdogo ukipanda mlima na uongo wangu.

Akarudi. Alisema maneno akitazama chini. "Daktari anasema, 'Basi ni gesi ya lusina. Mpeni mafuta ya kupikia nusu lita, kwa chupa, polepole, sasa hivi, msinisubiri.'"

Bibi alikuwa ameshafika jikoni na kurudi. Mkononi alikuwa na chupa ya mafuta. "Wakili, njoo mbele. Mshike kichwa, mwinue juu. Nikimimina usimwachie."

Nilimkumbatia Shangazi shingoni. Mate yake yalinilowesha mkono mzima. Nilipoingiza kiganja chini ya koo ili nimwinue, vidole vyangu vikagusa kitu. Ndani ya ngozi laini, upande wa kushoto wa shingo, kulikuwa na kitu kigumu cha mviringo. Hakikuzidi yai.

Nilikijua. Nilikuwa nimeshika maelfu yake siku kumi na moja.

Bibi aliinua chupa. Shangazi alijaribu kumeza, na kile kitu kikasogea kidogo chini ya vidole vyangu kisha kikarudi palepale.

"Bibi, subiri!"

"Hakuna cha kusubiri. Mwinue!"

"Bibi, sikuvikata!"

Chupa ikasimama angani.

"Vile vidogo sikuvikata. Nilivimwaga vizima, nikavifunika kwa vilivyokatwa. Kiazi kiko hapa, Bibi, kiko kooni, nimekishika. Nimekishika hapa!" Nilikuwa nalia kwa sauti na sikujali nani ananiona.

Bibi hakunipiga, hakunitukana. Aliweka chupa chini, akaja upande wangu, akapapasa palipokuwa na vidole vyangu. Nilimwona akifumba macho. Kisha akageuka. "Redio! Kimbia umwambie baba yako hivi: viazi havikukatwa, kimoja kimekwama kooni, tumekishika kwa nje. Rudia."

Redio alirudia neno kwa neno, na mara hii alipanda kama swala.

Jibu halikuhitaji Redio. Tulimsikia Baba mwenyewe, upepo au hakuna upepo, akija mteremko mzima akipiga kelele. "Msimpe kitu! Msimpe kitu mdomoni! Mafuta yataingia kwenye mapafu!" Alifika, akaiona chupa imejaa chini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kushika kichwa.

Daktari alikuwa amemwambia kwamba ng'ombe aliyezibwa koo hana njia ya kumeza. Chochote utakachommiminia kitarudi, na kikirudi kitateremkia kwenye pumzi. Angezama palepale bandani, akiwa amesimama, mimi nikiwa nimemshika kichwa.

Tulifanya tulivyoagizwa. Tuliondoa chakula na maji. Tulimwacha Shangazi asimame kichwa kikielekea chini ili mate yatoke. Dakika arobaini zile zilikuwa ndefu kuliko likizo nzima. Ubavu uliendelea kuvimba. Kila alipoyumba, Baba na Bibi walimwegemea kwa mabega wasimwache alale, na mimi nilikaa shingoni, vidole vyangu vikiwa chini ya kile kiazi ili kisishuke zaidi. Nilitamani wanigombeze.

Daktari wa mifugo alifika kwa miguu. Pikipiki ilikuwa imenasa kwenye tope chini ya kona ya tatu, akaiacha, akapanda na mkoba mgongoni. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye tope hadi kiunoni na hasira hadi utosini.

"Njia yenu hii," akasema badala ya salamu. "Njia yenu hii, jamani! Nani amekishika?"

"Mimi," nikasema.

"Usiondoe mkono. Baba, kamata pua. Bibi, nipe kitambaa."

Akatoa ubao mnene wenye tundu katikati, akauweka mdomoni mwa Shangazi ili asiweze kuuma, akakunja mkono wa shati hadi begani. "Sasa wewe binti, nikisema sukuma, sukuma kuelekea juu, polepole, kama unayetoa dawa ya meno kwenye bomba lake. Ukikiachia kikateremka kifuani, hapo kazi ni nyingine. Haya, sukuma."

Nilisukuma. Kiazi kiliteleza kidogo, kikakwama. Daktari aliingiza mkono kwenye koo, jasho likimtiririka, akinung'unika maneno ambayo Redio, namshukuru Mungu, hakuyarudia. "Tena. Tena. Usiwe na haraka. Tena... Nimekipata!"

Mkono ukatoka. Ndani ya ngumi yake iliyojaa mate kulikuwa na kiazi kimoja kidogo, kizima, hata alama ya jino hakina. Shangazi akatoa mbweu ndefu ya kishindo, harufu ya majani yaliyochacha ikajaza banda lote, na ubavu wake ukaanza kushuka mbele ya macho yetu. Baba akacheka na kulia kwa pamoja. Redio akaziba pua na kutangaza, "Shangazi amejamba kwa mdomo!"

Daktari alinawa ndooni, akajifuta, kisha akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa na kile kiazi bado.

"Wewe ndiye uliyesema vilikatwa?"

"Ndiyo, daktari."

"Na wewe ndiye uliyesema havikukatwa?"

"Ndiyo."

"Nisikilize vizuri. Nikiwa hapa, nina mikono na macho. Ningemgusa shingo ningejua. Lakini nikiwa kule chini na simu, sina mkono wala jicho. Nina maneno yenu tu, na dawa naichagua kwa maneno hayo. Ukinipa neno la uongo, natoa dawa ya ugonjwa mwingine, na ng'ombe anakufa kwa mkono wangu. Umeelewa? Ulikosea mara mbili leo. Kosa la kiazi lingeweza kumpata yeyote. La pili ndilo lililokaribia kumuua. Lakini ulilisahihisha mwenyewe, chupa ikiwa hewani, na watu wazima wengi nawajua wasingefungua mdomo." Akanikabidhi kiazi. "Shika. Ni chako."

Akaondoka akilalamika kuhusu njia. Baba alimfuata ili wakaikwamue pikipiki.

Tulibaki watatu. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na rundo la viazi. Nilidhani sasa ndiyo zamu yangu ya kugombezwa, nikasimama wima.

"Uliniuliza kwa nini vidogo vikatwe," akasema. "Uliniuliza siku ya kwanza, na siku ya pili, na siku ya tatu."

"Ndiyo, Bibi."

"Nikakujibu kama mtu anayefukuza kuku. Hilo kosa ni langu, na nalichukua." Akachukua kiazi kikubwa. "Hiki ng'ombe hawezi kukimeza kizima. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Anazoa kwa ulimi, anameza, atatafuna vizuri baadaye akicheua. Kikubwa kinamlazimisha akisage kwanza kwa magego. Hicho ulichoshika kinateleza kizima, na kikigeuka vibaya kinaziba. Kwa hiyo hivyo vidogo ndivyo vibaya zaidi. Ungejua hivyo ungevikata?"

Nilikuwa na majibu manne mazuri ya kujitetea. Yote niliyaacha. "Sijui, Bibi. Nilitaka kwenda kwenye mpira."

Bibi alikirudisha kiazi kikubwa kwenye rundo. "Hilo ndilo neno la kwanza la kweli kabisa ulilonipa tangu likizo ianze, na limekuja bila wakili." Kisha akamnyooshea Redio kidole. "Lakini mimi si wa kuombwa radhi. Huyo hapo."

Redio alikuwa amejibanza nyuma ya punda, kwa maana wakati huo Mama alikuwa amefika na madebe matupu, na alikuwa akijiandaa kumpa habari zote. Nilimwendea nikachuchumaa.

"Nisamehe. Nilikutuma neno baya."

"Lilikuwa zito," Redio akasema. Akafikiri. "Kiwanjani utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

Akageuka hapo hapo na kumweleza Mama kila kitu tangu mwanzo, sauti zote, mbweu ikiwemo.

Siku zilizobaki nilikata viazi kwa visu vitatu, na Bibi alikaa kando yangu akikata pia. Siku ya mwisho ya likizo, saa tano asubuhi, Shangazi alizaa bila tatizo lolote. Ndama alikuwa jike, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Alisimama, akaanguka, akasimama tena. Sikuthubutu kumsogelea. Nilijua masharti.

"Ahadi ilikuwa kukata likizo yote bila mimi kurudia kazi yako," Bibi akasema mbele ya watu wote. "Hukuitimiza, Wakili. Ndama mzima siwezi kukupa."

"Sawa, Bibi."

"Lakini aliye hai leo yu hai kwa sababu ulisema ukweli ulipokuwa mgumu kuusema. Basi nusu ni yako. Nusu nyingine ni ya mdogo wako, ambaye alibebeshwa mzigo usiokuwa wake. Mtamlea pamoja, na kila siku mtakapomtazama mkumbuke hili: kazi anayoiona Bibi juu ya ndoo na kazi iliyo chini ya ndoo ziwe kazi moja. Na ukikosea, sema mapema, usingoje mpaka chupa iwe mdomoni."

Redio akapiga makofi na kupiga hatua mbele, uso umemng'aa. "Mimi nachagua nusu ya mbele!"

Nikafungua mdomo nipinge. Nilikuwa na hoja, tena nzito. Nusu ya mbele ni macho na masikio na lile baka jeupe, na nusu ya nyuma kila mfugaji anajua kinachotoka huko na nani atakayekisukuma kwa koleo kila asubuhi. Nikamtazama Bibi. Bibi akanitazama, akisubiri kesi ianze.

Nikaufunga mdomo, nikaenda kuchukua koleo.